NANI ATARITHI NGOMA?

Mwenye nyumba akifa, watu hulia. Matanga yakiisha, watu huanza kuulizana: nani atashika kibanja? Kama marehemu alisema mapema, na maneno yake yakasikiwa na watu wa kutosha, jambo huisha kwa amani. Kama hakusema, au kama alimwambia mmoja hili na mwingine lile, ndugu wa tumbo moja hugeuka maadui.

Swali hili la nyumbani liliwahi kuwa swali la nchi nzima. Zamani nchi zetu za Kagera zilitawaliwa na wafalme walioitwa Wakama. Mkama alipokufa, watu waliuliza swali lile lile: nani atarithi? Lakini hapo kilichogombewa hakikuwa kibanja kimoja. Iligombewa nchi yenye watu, ng'ombe na migomba. Na walioumia hawakuwa wana wa Mkama peke yao.

Katika somo hili tutajifunza jinsi watu walivyodai utawala zamani. Tutasoma habari za ndugu watatu wa Karagwe. Kisha tutavuka bahari tuone watu wa nchi ya Norway walivyofanya. Mwisho tutarudi nyumbani, maana jambo hili bado linatuhusu.

1. NCHI NA WAKAMA WAKE

Leo mtu hutoka Kashai asubuhi, akaenda Muleba kwa shughuli zake, akarudi jioni. Zamani safari kama hiyo ilivuka nchi zaidi ya moja. Upande wa kaskazini kulikuwa na Kiziba. Karibu na ziwa na katikati kulikuwa na Bugabo, Kyamtwara, Bukara na Kianja. Kusini kulikuwa na Ihangiro. Magharibi kulikuwa na Karagwe, nchi ya Wanyambo na ng'ombe wengi. Kila nchi ilikuwa na Mkama wake, wakuu wake na mipaka yake.

Alama kubwa ya Mkama ilikuwa ngoma. Katika lugha nyingi za nchi za maziwa, neno "engoma" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni chombo cha kupiga. Maana ya pili ni ufalme wenyewe. Kwa hiyo kurithi ngoma maana yake ni kurithi utawala. Mwezi ulipoandama, ngoma za Mkama zilipigwa, na wakuu walikuja kuonyesha kwamba bado wanamtii.

Huko Karagwe vyombo vya ufalme vilikuwa vingi. Makao makuu yalikuwa Bweranyange. Hapo kulikuwa na ngoma, mikuki ya fahari, na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Vyombo hivi havikuwa mapambo tu. Aliyevishika aliweza kuwaambia watu: "Mimi ndiye." Aliyevikosa alikuwa mtoto wa Mkama tu, kama watoto wengine wa Mkama.

2. MADAI YA WATAWALA

Kila mtawala hutaka watu wakubali kwamba anatawala kwa haki. Nguvu peke yake haitoshi. Mtu mwenye nguvu tu huogopwa leo, na kesho hutokea mwingine mwenye nguvu zaidi. Kwa hiyo Wakama walikuwa na madai yao. Tutayataja matatu.

Dai la kwanza lilikuwa la damu. Wakama wa Karagwe, Ihangiro na Kianja walikuwa wa ukoo wa Wahinda. Walisema kwamba wametoka kwa Ruhinda, babu yao wa zamani. Wakama wa Kiziba walikuwa wa ukoo wa Wabito. Wao walisema kwamba babu yao ni Kibi, na masimulizi ya Kiziba yanasema Kibi alikuja kutoka Bunyoro, akiwa mwindaji. Tazama jambo hili vizuri. Koo zote mbili zilisema kwamba babu yao alitoka mahali pengine. Kabla yao nchi ilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na koo za wakulima, wavuvi na wahunzi. Hao nao walikuwa na wazee wao na mahali pao pa ibada.

Dai la pili lilikuwa la vyombo. Tumekwisha kulieleza. Mwenye ngoma ndiye Mkama.

Dai la tatu lilikuwa la mahali. Mfano mzuri uko Katuruka, karibu na Maruku, katika Wilaya ya Bukoba. Masimulizi yanasema Mkama Rugomora Mahe alikaa hapo. Yanasema aliwaamuru wahunzi wajenge mnara mrefu wa chuma, apande aone mbinguni. Mnara ukaanguka. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa mambo ya kale walichimba ardhi ya Katuruka. Walikuta mabaki ya kazi ya chuma. Mabaki hayo ni ya zamani sana, ya mamia mengi ya miaka kabla ya Wahinda kufika. Maana yake nini? Wahunzi walikuwa hapo kwanza. Mkama alikuja baadaye, akaweka makao yake mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kupaheshimu. Heshima ya mahali ikawa heshima yake.

Damu, vyombo na mahali: hayo ndiyo madai matatu. Lakini madai yote haya yalikuwa na upungufu mmoja. Mkama alikuwa na wake wengi na watoto wengi. Watoto wote walikuwa na damu ile ile. Wote waliweza kuitaka ngoma ile ile. Ni nani angeamua?

3. NDUGU WATATU WA KARAGWE

Katika miaka ya 1850 Mkama Ndagara wa Karagwe alifariki. Aliacha wana watatu walioweza kurithi. Majina yao ni Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Baba yao alikuwa mmoja, lakini kila mmoja alikuwa na mama yake.

Habari zao tunazipata katika kitabu cha Mwingereza aliyeitwa Speke. Speke na mwenzake Grant walifika Karagwe mwezi wa Novemba mwaka 1861. Walikuwa wakitafuta mahali unapoanzia mto Nile. Grant aliugua mguu, akabaki Karagwe miezi kadhaa. Speke alimwuliza Rumanyika mambo mengi, akayaandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1863.

Rumanyika alimweleza Speke hivi. Kabla ya kufa, mzee Ndagara alisema neno mbele ya mama yake Rogero. Rogero alikuwa mdogo kuliko wenzake. Mzee alisema kwamba mtoto huyu angekuwa Mkama mzuri sana. Pengine lilikuwa neno la baba anayempenda mtoto wake tu. Lakini mama alilishika. Alimlea mwanawe akimfundisha kwamba siku moja nchi itakuwa yake.

Sheria ya nchi ilikuwa nyingine. Kwa sheria ya Karagwe, kama Speke alivyoambiwa, mrithi alikuwa mtoto wa kiume mkubwa. Lakini hawakuhesabiwa watoto wote. Walihesabiwa wale tu waliozaliwa baada ya baba yao kuwa Mkama. Aliyezaliwa baba angali mwana wa Mkama tu hakuwa na haki.

Sheria hii inaonekana rahisi. Lakini fikiri kidogo. Siku hizo hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hapakuwa na daftari la kuandika siku Mkama alipokalia kiti. Yote yalikuwa katika vichwa vya wazee na wakunga. Nao wazee na wakunga walikuwa na upande wao. Kwa hiyo sheria ilikuwapo, lakini ushahidi wake ulikuwa maneno ya watu.

Ndagara alipofariki, ugomvi ulianza mara moja. Nnanaji aliungana na Rumanyika. Wawili hao wakamfukuza Rogero. Lakini Rogero hakuwa peke yake. Speke anaandika kwamba nusu ya wanaume wa nchi walimfuata Rogero, wengine kwa kumpenda na wengine kwa kumwogopa. Nusu ya nchi si jambo dogo. Rogero akakusanya jeshi ili aipiganie ngoma.

4. NGOMA NYEPESI NA NGOMA NZITO

Sasa tusome habari ya ngoma yenyewe. Rumanyika alisema kwamba haikutosha kuwa mtoto wa Mkama. Ilibidi jambo lipimwe. Wakuu wa baraza walileta ngoma ndogo, wakaiweka chini mbele ya wale ndugu watatu. Ngoma hiyo ilikuwa nyepesi kama unyoya. Lakini ilikuwa imetiwa dawa. Kwa dawa hiyo ngoma ilikuwa nzito kwa mtu asiye na haki, na nyepesi kwa mwenye haki.

Ndugu wawili walijaribu kuiinua. Haikusogea hata kidogo. Rumanyika akaja, akaiinua kwa kidole chake kidogo. Basi watu wakajua kwamba yeye ndiye Mkama.

Hiyo ndiyo habari ya ngoma. Ni habari nzuri, na watu waliipenda. Lakini turudi kwenye vita. Rogero alikuwa na jeshi kubwa. Watu wengi walikubali kwamba angeshinda. Nani alimzuia? Je, ni ngoma?

Haikuwa ngoma. Karibu na Bweranyange kulikuwa na mahali paitwapo Kafuro. Hapo walikaa wafanyabiashara Waarabu na watu wao, waliokuja kununua pembe za ndovu. Walikuwa na bunduki. Tajiri mmoja wa Tabora, aliyeitwa Musa Mzuri, alikuwa rafiki wa Rumanyika. Musa alitoa pembe zake za ndovu, akawakodisha watumwa wa Waarabu wa Kafuro waje na bunduki kumpiga Rogero. Jeshi la Rogero halikuwa na bunduki. Rogero akakimbia. Lakini aliondoka akiapa kwamba atarudi siku Waarabu watakapoiacha nchi.

Ndugu msomaji, weka habari hizi mbili bega kwa bega. Ya kwanza inasema Rumanyika alipata ufalme kwa sababu ngoma ilimkubali. Ya pili inasema alibaki na ufalme kwa sababu rafiki yake alilipa bunduki. Habari zote mbili zimetoka katika kitabu kimoja. Ya kwanza inaeleza kwa nini watu wamtii. Ya pili inaeleza kwa nini walilazimika kumtii.

5. MSIMULIZI NI NANI?

Mtu anayejua kusoma anapaswa pia kujua kuuliza. Swali moja kubwa ni hili: aliyesimulia ni nani?

Habari ya ngoma ilisimuliwa nyumbani kwa Rumanyika. Rumanyika ndiye aliyeshinda. Rogero hakuwapo. Hakuna mtu aliyekwenda kumwuliza Rogero, wala mama yake, wala ile nusu ya nchi iliyomfuata. Kama Rogero angeshinda, labda Speke angekuta ngoma iliyoinuliwa kwa kidole cha Rogero. Na lile neno la mzee Ndagara halingeitwa neno la kupita. Lingeitwa wosia.

Uliza swali la pili pia: ngoma ililetwa na nani? Ililetwa na wakuu wa baraza. Wao ndio walioitunza na kuijua dawa yake. Kwa hiyo yule ambaye wakuu walimtaka alikuwa na nafasi nzuri ya kuiona ngoma nyepesi.

Hatusemi kwamba Rumanyika alikuwa Mkama mbaya. Wageni waliofika kwake walimsifu kwa upole na ukarimu. Stanley, msafiri mwingine, alifika kwake mwaka 1876, naye alimsifu vile vile. Tunasema tu kwamba wema wa mtu ni jambo moja, na ukweli wa dai lake ni jambo jingine.

Wenyeji nao waliandika. Mzee Francis Xavier Lwamgira wa Kiziba alikusanya habari za Wakama wa Kiziba, akaziandika kwa Kihaya. Kitabu chake kilitoka mwaka 1949. Kazi yake ni hazina. Lakini hata yeye alikuwa mtu wa baraza la watawala. Kila kitabu kina mahali mwandishi alipokaa alipokuwa akitazama. Msomaji mwangalifu huheshimu kitabu, na pia huuliza mwandishi alikaa wapi.

6. CHUMA CHA MOTO HUKO NORWAY

Wengine hudhani kwamba kupima haki kwa ngoma yenye dawa ni jambo la Afrika tu. Sivyo. Tazama nchi ya Norway. Iko kaskazini kabisa mwa Ulaya. Ni nchi ya milima, bahari na baridi kali. Leo ni nchi tajiri yenye amani. Lakini kuanzia mwaka 1130 hadi mwaka 1240 watu wa Norway walipigana wenyewe kwa wenyewe, tena na tena, kwa ajili ya ufalme.

Sababu ilikuwa kama ya Karagwe. Kwa mila yao, mtoto yeyote wa kiume wa mfalme aliweza kudai ufalme. Haikujali kama mama yake aliolewa au hakuolewa. Kwa hiyo watu walitokea mbali, wakisema: "Mimi ni mtoto wa mfalme aliyekufa." Mmoja alitoka Ireland. Jina lake Harald Gille. Aliambiwa athibitishe kwa kutembea juu ya vyuma vya plau vilivyotiwa moto. Mwingine aliitwa Sverre. Alilelewa katika visiwa vya mbali baharini. Alidai kwamba baba yake alikuwa mfalme Sigurd. Alikusanya watu maskini wa porini, akapigana miaka mingi. Mwaka 1184 mfalme Magnus aliuawa katika vita, na Sverre akabaki na nchi.

Katika mwaka 1163 wakuu wa nchi na wa kanisa walikuwa wamekwisha kutunga sheria. Sheria ilisema mfalme awe mmoja, na mrithi awe mtoto mkubwa wa ndoa. Ilikuwa sheria nzuri ya kuleta amani. Lakini iliwafaa wale waliokuwa wameshika nchi wakati ule. Wengine hawakuikubali, na vita viliendelea.

Mwaka 1217 kijana wa miaka kumi na mitatu, jina lake Haakon, alifanywa mfalme. Alikuwa mjukuu wa Sverre. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa. Alipokuwa mtoto mchanga adui walimtafuta. Watu wa upande wa baba yake wakamvusha milimani wakati wa baridi kali. Walikwenda kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni ili kuteleza juu ya theluji.

Wapinzani waliuliza: je, huyu ni mtoto wa mfalme kweli? Mwaka 1218 mama yake, aliyeitwa Inga, alikubali kupimwa. Alishika chuma kilichotiwa moto. Mkono wake ulifungwa kitambaa. Baada ya siku chache ulifunguliwa mbele ya watu. Kama kidonda kilikuwa safi, Mungu amesema ndiyo. Kama kilioza, Mungu amesema hapana. Wakuu wakasema mkono ni safi. Haakon akakubaliwa.

Je, ugomvi uliisha? Haukuisha. Mtu mmoja mkubwa, Skule, alikuwa amemsaidia Haakon kutawala alipokuwa kijana. Naye alitaka ufalme. Mwaka 1239 alijitangaza kuwa mfalme. Mwaka 1240 aliuawa, na vita vikaisha. Haakon alitawala hadi alipokufa mwaka 1263. Muda mfupi baadaye habari za maisha yake ziliandikwa katika kitabu kikubwa. Nani aliagiza kitabu hicho? Aliyeagiza ni mtoto wake Magnus, ambaye sasa alikuwa mfalme.

Sasa linganisha. Karagwe kulikuwa na ngoma. Norway kulikuwa na chuma cha moto. Karagwe wakuu ndio walioleta ngoma. Norway wakuu ndio walioangalia mkono. Huku na huko, watu walitaka nguvu iliyo juu ya wanadamu iseme neno. Huku na huko, silaha zilibaki karibu. Na huku na huko, aliyeshinda ndiye aliyesimulia.

7. WAGENI WENYE BUNDUKI

Msaada wa bunduki ulikuwa na bei yake. Mtawala akisimamishwa na mgeni, mgeni huyo hujua njia ya kuingia ndani.

Rumanyika alitawala miaka mingi. Baada ya kufa kwake, wakuu wa Karagwe waligombana tena. Wana wa Wakama waliuana. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wengi katika nchi za maziwa. Karagwe iliyokuwa na sifa kubwa ikawa dhaifu. Haikuwa na ng'ombe wa kutosha, wala umoja.

Mwezi wa Novemba mwaka 1890 Wajerumani walianzisha boma Bukoba. Kiongozi wao alikuwa Emin Pasha. Kila Mkama alipaswa kuamua: kupigana nao au kuwafanya marafiki? Mkama Mukotani wa Kyamtwara hakupatana nao. Mkama Kahigi wa Kianja alichagua urafiki. Nchi yake haikuwa kubwa. Lakini kwa urafiki huo ilipanuka, na sehemu za majirani zikawekwa chini yake. Jumba lake bado lipo Kanazi. Kahigi alifariki mwaka 1916, mwaka ule ule Waingereza na wenzao walipowatoa Wajerumani katika nchi hizi.

Hapo ndipo dai jipya lilipoanza. Zamani Mkama alisema: "Nina damu ya Ruhinda," au "Nina ngoma." Sasa aliweza kusema: "Bwana mkubwa wa boma ananitambua." Ngoma iliendelea kupigwa, lakini karatasi ya boma ilikuwa na nguvu kuliko ngoma.

Wananchi wa kawaida walilipa nini? Walilipa kodi. Walifanya kazi za Mkama. Wengi walijikuta ndani ya nyarubanja. Nyarubanja ilikuwa ardhi ambayo Mkama alimpa mtu wake, pamoja na watu waliokuwa wakikaa humo. Mtu aliweza kulala akiwa na kibanja chake, akaamka amekuwa mpangaji wa mkubwa. Tangu siku hiyo alitoa ushuru kwa ajili ya migomba iliyopandwa na babu yake. Ndiyo maana tulisema tangu mwanzo kwamba ugomvi wa ngoma haukuwa wa wana wa Mkama peke yao. Rafiki wa Mkama aliyeshinda alipata watu. Rafiki wa aliyeshindwa aliweza kukosa hata shamba.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1963 sheria iliondoa utawala wa machifu katika Tanganyika. Mwaka 1965 sheria nyingine ilitungwa ili kuwapa haki wapangaji wa nyarubanja. Leo koo za Wakama zinaheshimiwa kwa historia yao. Lakini damu haimpi mtu mamlaka juu ya kijiji. Katika kijiji, mkutano mkuu ni wa watu wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Viongozi huchaguliwa kwa muda, na muda ukiisha huchaguliwa tena. Hilo nalo ni dai la utawala. Kiongozi husema: "Watu wamenichagua." Tofauti yake ni kwamba dai hili linaweza kuhesabiwa. Kura huhesabiwa mbele ya mashahidi wa kila upande.

8. NGOMA YA NYUMBANI

Tumesema tutarudi nyumbani. Katika mila ya Wahaya warithi wana majina yao. Mrithi mkuu huitwa musika, na kwa kawaida ni mtoto wa kiume wa kwanza. Wa pili huitwa mainuka, mtoto wa kiume wa mwisho. Walio katikati huitwa kyagati. Mpango huu ulisaidia kupunguza ugomvi. Lakini uliwaacha watoto wa kike nyuma.

Kesi moja maarufu ilitoka Wilaya ya Muleba. Mwanamke mmoja alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo alimshtaki. Alisema kwamba mwanamke hana haki ya kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya mwanzo ilikubaliana na ndugu huyo. Mahakama ya wilaya ilikataa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kuuza shamba. Ndugu aliambiwa kwamba akilitaka shamba, alipe zile shilingi 300,000 katika miezi sita.

Tazama kesi ilianza na nini. Ilianza na wosia. Baba alikuwa amesema, na neno lake halikupotea. Mzee Ndagara naye alisema neno, lakini alilisema kwa mama wa mtoto mmoja tu. Neno moja lilijenga haki ya mtu. Neno jingine liliigawa nchi.

Wosia wa maandishi kwa mila una taratibu zake. Sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 zinasema hivi. Wosia uandikwe kwa wino usiofutika, au upigwe chapa. Uwe na tarehe. Mwenye wosia atie sahihi. Mashahidi wawe watu wanaojua kusoma na kuandika, na wawepo wote kwa pamoja. Mke aliyeko nyumbani awe shahidi pia. Kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili. Kama hajui, wasipungue wanne.

Soma tena maneno hayo ya mwisho. Asiyejua kusoma anahitaji mashahidi wanne, kwa sababu hawezi kukagua mwenyewe kilichoandikwa. Anayejua kusoma anahitaji wawili. Macho yake mwenyewe yamehesabiwa kama mashahidi wawili. Wewe uliyesoma ukurasa huu hadi hapa, macho yako yamekwisha kuingia katika hesabu hiyo.

Rumanyika alihitaji ngoma yenye dawa na bunduki za wageni. Inga alihitaji chuma cha moto mkononi. Mwenye kibanja wa leo anahitaji karatasi, kalamu ya wino, mashahidi, na moyo wa kusema mapema mbele ya watoto wote, wa kiume na wa kike.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Neno "engoma" lina maana gani mbili?
2. Taja madai matatu ya Wakama. Lipi unaliona lina nguvu zaidi? Kwa nini?
3. Sheria ya urithi ya Karagwe ilikuwa nini? Kwa nini ilikuwa vigumu kuithibitisha?
4. Rogero alishindwa na nini?
5. Kama habari ya ngoma ingesimuliwa na mama yake Rogero, ingekuwaje? Isimulieni darasani.
6. Ngoma ya Karagwe na chuma cha moto cha Norway vinafanana kwa jambo gani?
7. Katika kijiji chenu, magomvi ya mashamba huanza kwa sababu gani? Ni magomvi mangapi yangezuiwa na wosia ulioandikwa vizuri?